Wanagenzi Wawili wa Mpira wa Kimarekani

Muhula huu bweni letu limegawanyika makundi mawili kwa ajili ya vijana wawili wa Marekani ambao hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuwaona kwa macho. Wa kwanza ni Justin Jefferson, wa pili ni Ja'Marr Chase. Ubishi ni huu: ni nani kati yao aliyefanya vizuri zaidi katika mwaka wake wa kwanza wa kucheza kwa mshahara? Wengi husema Chase, kwa kuwa jumla yake ni kubwa, tena alipewa tuzo. Mimi nasema Jefferson, na nitaonyesha sababu zangu kwa tarakimu, maana sauti kubwa zimekwisha tumika vya kutosha.

Kwa wale wasioufahamu, mpira huu si ule tuuchezao sisi. Umbo lake ni kama yai lililochongoka ncha zote mbili. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani. Wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10; wakifaulu hupewa nafasi 4 nyingine. Mrushaji wao huitwa kwotabeki. Mpokeaji ni yule asimamaye upande wa pembeni, kisha hutimua mbio ili arushiwe. Akiudaka, umbali wote uliopatikana, tangu pale mchezo ulipoanzia hadi pale atakapoangushwa, huandikwa kwa jina lake. Akiingia nao katika eneo la mwisho la wapinzani, timu hupata pointi 6. Jambo hilo mimi nitaliita bao.

Ajabu ya vijana hawa ni kwamba walitoka chungu kimoja. Mwaka 2019 wote wawili walichezea Chuo Kikuu cha Louisiana State, na mrushaji wao alikuwa Joe Burrow. Timu ile ilishinda mechi zake zote 15. Mwaka ule Jefferson alidaka mipira 111 kwa yadi 1,540 na mabao 18; Chase alidaka 84 tu, lakini kwa yadi 1,780 na mabao 20. Basi tofauti ya tabia zao ilionekana mapema: mmoja hudaka mara nyingi, mwingine hudaka mara chache akaenda mbali.

Kila mwaka timu za ligi kuu, iitwayo NFL, huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, na kwa kawaida iliyoshindwa sana ndiyo hutangulia. Mwaka 2020 Jefferson alichaguliwa na Minnesota Vikings akiwa wa 22. Wapokeaji wanne walikwisha chaguliwa kabla yake. Chase hakucheza kabisa mwaka huo. Alijiondoa kabla ya msimu wa chuo kuanza, wakati wa ugonjwa wa Korona. Mwaka 2021 akachaguliwa wa 5 na Cincinnati Bengals, ambako Burrow alikuwa amekwisha tangulia. Watu wengi walinung'unika. Burrow alikuwa ameumia goti vibaya Novemba 2020, nao walidhani afadhali timu ingemchagua mtu mnene wa kumkinga mrushaji kuliko mtu mwepesi wa kupokea. Manung'uniko yaliongezeka pale Chase alipoangusha mipira kadhaa katika mechi za majaribio. Yeye alieleza kwamba mpira wa vyuo una mistari myeupe inayosaidia macho, na wa NFL hauna. Wakamcheka. Kisha mechi yake ya kwanza ya ligi, Septemba 2021, ikawa dhidi ya Minnesota yenyewe, Jefferson akiwa upande wa pili. Chase akapata yadi 101 na bao moja, na Cincinnati wakashinda 27 kwa 24. Waliocheka wakatafuta jambo jingine la kusema.

Sasa tufungue daftari. Katika mwaka wake wa kwanza Jefferson alidaka mipira 88, yadi 1,400, mabao 7. Chase katika mwaka wake alidaka 81, yadi 1,455, mabao 13. Mtu akisoma mstari huu peke yake atasema kesi imekwisha.

Lakini msimu wa 2020 ulikuwa na mechi 16, na wa 2021 ulikuwa na mechi 17, kwa sababu ligi iliongeza moja. Hapa ndipo wenzangu wanaponiudhi. Mwanafunzi akifanya mitihani 9 na mwenziwe 8, hatujumlishi tu alama zao na kusema huyu kamshinda yule, tunagawanya kwanza. Tukigawanya, Jefferson alipata yadi 87.5 kwa kila mechi, na Chase 85.6. Yule mwenye jumla ndogo ndiye mwenye wastani mkubwa.

Tena tazama jinsi kila mmoja alivyozipata. Tarehe 2 Januari 2022, dhidi ya Kansas City, Chase alidaka mipira 11 kwa yadi 266 na mabao 3, nayo ni siku ambayo ye yote aupendaye mchezo huu angefurahi kuwapo. Tukiitoa siku hiyo moja, wastani wake katika mechi 16 zilizobaki ni 74.3. Siku kubwa ya Jefferson ilikuwa yadi 175. Tukiitoa hiyo pia, hubakiwa na 81.7. Na katika mechi zake mbili za mwanzo, Jefferson hakuwamo hata katika kikosi cha kuanza, akapata yadi 70 tu kwa zote mbili. Tangu alipopewa nafasi yake, katika mechi 14, wastani wake ulikuwa yadi 95.

Vile vile Jefferson alirushiwa mara 125 akadaka 88, yaani 70 katika kila 100. Chase alirushiwa mara 128 akadaka 81, yaani 63 katika kila 100. Ni haki niongeze kwamba mipira ya Chase ilikuwa ya mbali, na ya mbali ni migumu. Kila alipodaka alipata yadi 18 kwa wastani, na Jefferson karibu 16.

Kuhusu mabao, nakubali kwamba 13 ni karibu mara mbili ya 7. Hata hivyo Minnesota walikuwa na Adam Thielen, mpokeaji mzoefu, ambaye mwaka ule alifunga mabao 14. Karibu na mstari wa mwisho mpira ulikuwa wake.

Nalo jambo ambalo tarakimu hazilisemi ni hili: Chase alirushiwa na rafiki yake wa chuo, aliyejua mwendo wake. Jefferson alirushiwa na Kirk Cousins, ambaye hakuwahi kucheza naye, na mwaka ule mechi zote za majaribio zilifutwa kwa ajili ya Korona. Alijifunza kazi akiwa kazini. Upande wa Chase utajibu kwamba yeye alikaa mwaka mzima bila kucheza, na kwamba timu yake ilifika fainali ya Februari 2022 ikashindwa 23 kwa 20 na Los Angeles Rams, ilhali Minnesota walimaliza na ushindi 7 na kushindwa 9. Jibu hilo ni zito, wala silidharau. Ila fainali huchezwa na watu wengi, nasi tunapima mtu mmoja mmoja.

Mwaka 2023 alitokea mwanagenzi mwingine, Puka Nacua wa Rams, akapata yadi 1,486 katika mechi 17, akawapita wote wawili kwa jumla. Gawanya: ni 87.4, chini kidogo ya Jefferson. Na kabla ya Nacua, jumla kubwa kuliko zote za mwanagenzi ilikuwa ya Bill Groman wa Houston, yadi 1,473 mwaka 1960, katika ligi nyingine iliyokuja kuungana na NFL. Yeye alicheza mechi 14 tu. Wenzangu wa upande wa Chase, chukueni kalamu mgawanye wenyewe.