Chora Kanga, Uelewe Vekta

Vyama vingi vya wanafunzi vina nembo inayoishi kwenye WhatsApp tu. Siku ya kuchapa fulana au bango la mita 3, fundi anauliza, "Hamna faili la vekta?" Kimya. Aliyeichora alishahitimu, akaondoka na kompyuta yake. Basi nembo inachorwa upya kwa hela za wanachama, na mara nyingi inarudi siyo ileile. Somo hili linataka kuziba pengo hilo, na halihitaji kipaji. Mimi nasoma ualimu wa hisabati, na ubaoni hata mstari ulionyooka unanishinda.

Picha ya simu imejengwa kwa pikseli, yaani vimraba vidogo vya rangi. Ukiikuza sana, vimraba vinajitokeza na picha inakuwa na ukungu. Vekta haihifadhi vimraba bali maelezo: nodi iko hapa, mkunjo unapita hivi, rangi ni hii. Ukiikuza, kompyuta inapiga hesabu upya na ukingo unabaki safi. Hesabu ya mikunjo hiyo ilikuzwa na watu wa magari huko Ufaransa, Pierre Bézier wa Renault na Paul de Casteljau wa Citroën, waliotafuta namna ya kueleza umbo la bodi la gari kwa namba.

Programu ninayotumia ni Inkscape. Ilianza mwaka 2003, ni ya bure kabisa, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukishaipakua huhitaji bando tena, wala huna sababu ya kuweka programu ya wizi iliyojaa virusi.

Zoezi letu ni kanga, kwa sababu sehemu zake tatu, pindo, mji na jina, zinatufundisha karibu kila kitu cha mwanzo.

Pindo. Bonyeza R, chora mstatili. Bonyeza S, kisha kwenye visanduku vya juu andika upana milimita 150 na urefu 100, X na Y ziwe 0. Hakikisha alama ya kufuli iko wazi. Chagua rangi kwenye safu ya chini. Ctrl+D inatoa nakala juu ya mstatili uleule; ipe vipimo 120 kwa 70, X na Y ziwe 15, na rangi nyingine. Tayari una pindo na mji.

Korosho. Bonyeza E, shikilia Ctrl uvute: unapata duara. Bonyeza Shift+Ctrl+C ili duara ligeuke njia, kisha N. Utaona nodi 4. Vuta ya juu kwenda juu na pembeni kidogo, kisha Shift+C iwe na ncha kali. Vipini vinavyotoka kwenye nodi ndivyo vinavyopinda mstari. Cheza navyo mpaka korosho itokee. Hapa ndipo wengi tunapokwama: mstari ukigoma, tunaongeza nodi. Usiongeze! Kila nodi ya ziada ni kona nyingine ya kurekebisha. Korosho nzima inatosha kwa nodi 4.

Pembe nne. Rudi kwenye S. Nakili korosho kwa Ctrl+D, igeuze kwa H, ivute ukishikilia Ctrl ili isiyumbe. Chagua zote mbili, nakili, geuza kwa V, shusha. Umechora korosho moja, una nne.

Jina. Bonyeza T, andika kwa herufi kubwa chini ya katikati ya mji. Mimi niliandika BUMU LIMEISHA, MAPENZI YANGALIPO. Kabla ya kumpelekea fundi, tengeneza nakala ya faili na ndani yake geuza maandishi kuwa njia kwa Shift+Ctrl+C, maana kompyuta yake huenda haina fonti yako. Nakala ya kwanza ibaki na maandishi yanayoharirika.

Sasa chagua kila kitu, uunganishe kwa Ctrl+G, funga kufuli, na upana uandike 1500. Kanga yako imekuwa na ukubwa unaokaribia wa dukani, na korosho ina ukingo safi kama mwanzo. Jaribu hivyo na picha ya simu uone.

Hifadhi kazi kama SVG. Ni muundo ulio wazi, unaofunguliwa na programu nyingi, hauna mwenyewe wa kukudai. PNG ni ya kutuma kwenye simu. PDF mpelekee fundi.

Ukimaliza kanga, chukua nembo ya chama chako. Ihesabu kwanza kwa macho: maduara mangapi, mistatili mingapi, mikunjo mingapi? Ichore, kisha iweke SVG kwenye barua pepe ya chama, siyo yako binafsi, ili katibu wa mwakani aikute.