Karata Ndogo za Taroti: Maswali Yanayoulizwa Sana

Karata za taroti zimejaa kwenye simu zetu siku hizi. Mtu anazichanganya, anazipanga mezani, kisha anakueleza mchumba atakuja lini na fedha zitaingia kwa mlango upi. Wengi huulizia zile za kutisha, kama Mauti na Ibilisi. Lakini sehemu kubwa ya pakiti ni karata ndogo, na asili yake inajulikana vizuri.

Karata ndogo ni zipi?

Pakiti kamili ina karata 78. Kati yake 22 huitwa kuu, na 56 zilizobaki ni ndogo. Hizi ndogo zina aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Kila aina ina karata 14, kuanzia ree hadi kumi, kisha nne za picha: mtumishi wa mfalme, mpanda farasi, malkia na mfalme mwenyewe.

Zina uhusiano na karata tunazocheza barazani?

Zina undugu wa damu. Mchezaji wa Pwani anaposema kopa, uru, shupaza na pau, anataja kwa maneno yaliyotoka kwa Wareno vikombe, dhahabu, panga na fimbo zile zile. Alama za moyo na almasi zilizomo katika karata zetu zilibuniwa Ufaransa katika karne ya 15, ila majina ya zamani hayakufutika. Hata turufu imo katika ukoo huo. Waitalia waliziita karata kuu *trionfi*, na kazi yake mezani ilikuwa kuzila nyingine.

Zilitoka wapi?

Alama hizo nne ni za zamani kuliko taroti. Katika jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, zimehifadhiwa karata za Wamamluki, watawala wa Misri ya zama za kati, zilizochorwa kwa mkono: vikombe, sarafu, panga, na fimbo za mchezo wa polo. Hazina sura za watu. Karata za wakubwa zina maandishi ya vyeo vyao: mfalme, naibu wake, na naibu wa pili. Karata zilienea Ulaya katika miaka ya 1370, na kwa kuwa watu wa huko hawakuijua polo, fimbo zile zikageuka kuwa fimbo za kawaida na marungu. Kufikia miaka ya 1440, Waitalia wa kaskazini walikuwa wameongeza karata kuu. Watawala wa Milano walichorewa zao kwa dhahabu, na walizitumia kucheza.

Nani alizigeuza kuwa ramli?

Mwaka 1781, Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi wowote. Maandishi ya Wamisri hao yalikuja kusomeka mwaka 1822. Hata hivyo dai lake lilipendwa, na muda si mrefu Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla, akawa anauza mafunzo na karata za kutabiria. Misri imo kweli katika nasaba ya karata hizi, lakini ni Misri ya Wamamluki, na wao walikuwa wakicheza.

Na zile picha zenye visa?

Hapa tunadaiwa shukrani na mwanamke mmoja. Kwa karne nyingi, katika karibu pakiti zote, tano ya kopa ilikuwa vikombe vitano tu, basi. Mwaka 1909, London, msanii Pamela Colman Smith alichora pakiti nzima kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, na kila karata ndogo akaipa kisa. Katika tano ya kopa amesimama mtu mwenye joho jeusi, kainamisha kichwa. Mbele yake vikombe vitatu vimemwagika. Viwili viko wima nyuma yake, naye hajageuka kuvitazama. Juu ya mto kuna daraja, na ng'ambo yake nyumba. Ni kazi ya mkono wenye kipaji kikubwa, na malipo yake yalikuwa madogo. Alifariki mwaka 1951 akiwa na madeni. Maana nyingi zinazosomwa leo zinasomwa kutoka kwenye michoro yake.

Je, zinatabiri kweli?

Hapana. Hakuna ushahidi kwamba karata iliyochanganywa inajua kesho yako. Zinaonekana kulenga kwa sababu maneno yake yanamtosha kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer, wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ni yake peke yake. Yalikuwa maelezo yale yale kwa wote. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, walitoa wastani wa alama zaidi ya 4 kati ya 5. Nani basi hajawahi kupoteza kitu akakililia, kama yule wa joho jeusi?

Ukizipenda kwa michoro yake, zitazame. Ukitaka kuzicheza, Wafaransa na Waaustria wanazicheza hadi leo. Lakini mtu akikwambia ameona mkosi katika karata yako na anataka pesa auondoe, usimtumie hata shilingi. Hifadhi ujumbe wake na uende kituo cha polisi.