Kijana Aliyehitimu na Deni Lake

Siku ya mahafali mzazi humwona mwanawe amevaa joho, akamshukuru Mwenyezi Mungu. Majuma machache yakipita joho limekwisha kurudishwa, fedha za kujikimu zimekoma, na kijana yumo nyumbani akiulizwa na kila mgeni, "Sasa unafanya kazi wapi?" Twapenda kuizungumza hali hii, maana wapo vijana wema wanaoharibikiwa papo hapo, si kwa uvivu bali kwa aibu.

Yafaa ifahamike aibu hiyo ilitoka wapi. Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, wanafunzi wake wa kwanza, wa sheria, hawakutimia ishirini. Nchi ilikuwa changa, na kila mhitimu alingojewa na kiti ofisini. Basi machoni pa watu shahada na cheo vikawa kitu kimoja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utumishi wa lazima katika Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewakata zaidi ya nusu ya mshahara kwa muda. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, wakarudishwa makwao. Tena akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu hulikumbuka zaidi lile la kwanza, lakini sisi twaona somo kubwa limo katika la pili.

Wale walibishania mshahara uliokuwa tayari ukiwangoja. Leo nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na waombaji huzidi nafasi mara nyingi. Kwa hiyo kijana asemaye, "Nitauzaje nyanya nami nina shahada?" ameishika desturi ya miaka ya 1960 bila ajira ya miaka ile. Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfalme, naye alitengeneza deraya kwa mikono yake. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alichunga mbuzi na kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, kisha akasafiri mpaka Shamu na bidhaa za Bibi Khadija (r.a.).

Huenda mtu akauliza: Je, masomo yote yale yalikuwa bure? La, hasha. Aliyesomea uhasibu na alishike daftari la duka la mjomba wake, ambalo pengine halijapata kujumlishwa sawasawa tangu lifunguliwe. Aliyesomea kilimo na aanze na robo eka ya mchicha. Maombi ya kazi aendelee kuyapeleka, hakuna aliyemkataza. Ila ajue kwamba chuoni ratiba ilimwamsha, na sasa haipo. Ndugu aliyeingia katika Uislamu karibuni atafahamu upesi jambo hili: Sala ya Alfajiri humpa siku yenye mwanzo, lakini akisali kisha akalala hadi adhuhuri, mwanzo huo ameupoteza mwenyewe.

Liko pia deni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwajiriwa aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, lakini mkopo wenyewe haukufutwa. Wapo wanaojificha wasijulikane, wakidhani kuwa mali ya serikali haina mwenyewe. Katika Uislamu deni la maiti hulipwa kabla warithi hawajagawana kitu, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alijizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika kulilipa.

Deni jingine halina fomu wala halikatwi mshaharani. Nyumba nyingi zina dada aliyeacha shule ili karo imtoshe kaka yake. Kijana na akae na wazazi kabla ya mshahara wa kwanza, aseme wazi ataleta kiasi gani kila mwezi, hata kama ni kidogo cha kuonea haya. Na dada huyo aulizwe kama angali anataka kusoma. Aliyekatishwa sekondari anao mlango bado: Mtihani wa Maarifa, ambao akiufaulu ataweza kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.