Kufundisha Maana ya Alama ya Ugonjwa: Mfano wa Saratani

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha ataulizwa juu ya saratani, apende asipende. Yumkini darasani mna mtoto aliyesikia nyumbani kwamba babu yake “amepimwa na kuonekana”. Mtoto huyo hatofautishi kipimo na hukumu. Hatuna budi kumwelewesha kwamba alama ya ugonjwa si ugonjwa wenyewe, wala si lazima iwe chanzo chake. Mfano niliouchagua ni wa RNA ndefu zisizounda protini. Jina hilo ni la mwalimu. Mwanafunzi wa Darasa la Saba hana haja ya kulikariri.

Kwanza mwalimu mwenyewe aelewe. Ndani ya kiini cha seli mna DNA, ambayo ni hazina ya maagizo ya mwili. Agizo linapotakiwa hunakiliwa katika RNA. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kuunda protini, lakini maagizo hayo hayafiki hata asilimia 2 ya DNA yote. Sehemu nyingine nyingi hunakiliwa pia, ingawa nakala zake haziundi protini. Baadhi ya nakala hizo, zilizo ndefu, husaidia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze.

Darasani, itumie shule yenyewe. Daftari kuu halitoki ofisini. Hutoka nakala tu. Nakala moja yaenda jikoni kueleza uji upikwe vipi: hiyo ni RNA ya kuunda protini. Nyingine ni ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Hakuna apikaye kitu kwa ratiba, ila ikivurugwa shule nzima huvurugika. Kisha uliza: tukikuta jalalani marundo ya nakala za karatasi moja, tutajua nini? Watajibu kwamba ofisini kuna jambo. Wabane: je, karatasi hizo ndizo zilizoleta jambo hilo? Hapa usiharakishe. Waache wabishane, hata kwa dakika kumi.

Jalala hilo lina mfano wa kweli. RNA iitwayo PCA3, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1999, hutolewa na seli za saratani ya tezi dume kwa wingi kuliko seli za kawaida za tezi hiyo, nayo huonekana katika mkojo. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha kipimo chake kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi ambao kinyama cha tezi yao kilikwisha chunguzwa bila saratani kuonekana. Humsaidia daktari kuamua kama kuna haja ya kukata kinyama kingine. Kipimo cha zamani zaidi, PSA, hupima protini katika damu, nayo huweza kupanda hata tezi ikipanuka kwa uzee au ikiambukizwa vijidudu. PCA3 yaelekea zaidi kwenye saratani yenyewe, lakini haithibitishi; uthibitisho hupatikana kwa kutazama kinyama katika hadubini.

Juu ya tiba, mwalimu asiwe mwepesi wa kuahidi. RNA nyingine, MALAT1, ilielezwa mwaka 2003 katika saratani ya mapafu. Watafiti walitengeneza vipande vifupi vya kuinasa ili ikatwe ndani ya seli, na mwaka 2013 wakaeleza kwamba katika panya waliotibiwa hivyo saratani ya mapafu ilipunguza kuenea. Lakini mwaka 2018 wengine, waliochunguza saratani ya matiti katika panya, walipata kinyume: MALAT1 ilizuia kuenea. Hadi leo hakuna dawa ya saratani iliyoidhinishwa inayolenga MALAT1. Mtoto akiuliza kama ipo hospitalini, ajibiwe kwamba haipo, na kwamba upasuaji, mionzi na dawa nyingine zipo, nazo hufaa zaidi ugonjwa ukigunduliwa mapema.

Zoezi la kumalizia kipindi: “Mkojo wa mzee mmoja umeonekana kuwa na PCA3 nyingi. Daktari afanye nini kabla ya kumwambia ana saratani?” Jibu litakiwalo ni kuchunguza kinyama cha tezi. Atakayeandika “amtibu haraka” arudishwe kwenye jalala.