SOMO LA AFYA: TENDO LA NDOA BAADA YA MATIBABU YA TEZI DUME



Somo la leo linahusu jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini. Kwanza naomba ruhusa kwa wazee. Anayeandika ni kijana, na kwa desturi zetu kijana hamwelezi baba yake mambo ya chumbani. Lakini sisi wahamasishaji wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba tunawakuta wazee wanaokaa na mpira wa mkojo mwezi baada ya mwezi. Wameandikiwa rufaa ya kwenda kupasuliwa, na karatasi wameifungia sandukuni. Ukimwuliza mzee sababu, atasema mvua, atasema anasubiri mgawo. Mama akitusindikiza nje ndipo anasema ukweli: "Ameambiwa wakimpasua hatakuwa mwanaume tena."

Hofu hiyo ni hatari. Mkojo usiotoka vizuri husukuma nyuma na kuharibu figo, na mpira unaokaa muda mrefu huleta maambukizi. Kwa hiyo tuseme wazi ni kitu gani hupotea, ni kitu gani hubaki, na ni kitu gani hurudi.

Tezi dume ni kiungo cha kila mwanaume. Kwa kijana ni kama ndimu ndogo. Iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya manii. Haisimamishi uume. Kinachosimamisha uume ni damu inayoingia kwa wingi, na damu hiyo huamrishwa na neva nyembamba sana zinazopita ubavuni mwa tezi, kulia na kushoto.

MATIBABU SI YA AINA MOJA

Watu husema "kupasuliwa tezi" kana kwamba ni jambo moja, na hapa ndipo uvumi unapoanzia.

Wazee wengi tezi yao imevimba tu kwa sababu ya umri, bila kansa. Huyu daktari humtolea nyama ya ndani iliyovimba na kuacha ganda, kama mtu anayekomba chungwa. Neva ziko nje ya ganda. Ndiyo maana wengi waliokuwa na nguvu kabla ya operesheni huendelea kuwa nazo. Kinachobadilika mara nyingi ni manii: mzee anafika kileleni, anasikia raha yake, lakini hakitoki kitu, au hutoka kidogo. Manii yamerudi nyuma kwenye kibofu, na yatatoka baadaye na mkojo, ambao utaonekana kama una ukungu. Si ugonjwa. Lakini anayetaka bado kuzaa amwambie daktari kabla, maana kumpa mke mimba kutakuwa kugumu.

Mwenye kansa iliyo bado ndani ya tezi anaweza kutolewa tezi yote pamoja na ganda lake. Hapo neva zinaguswa. Zamani karibu kila aliyefanyiwa hivyo alipoteza nguvu. Mwaka 1982, huko Baltimore nchini Marekani, daktari mpasuaji Patrick Walsh alifanya operesheni akikusudia kuziacha neva hizo, na tangu hapo njia hiyo imeenea. Hata zikiachwa, neva huwa zimevutwa na kuchubuka, nazo hupona polepole sana: miezi 6, mwaka, hata miaka 2 au zaidi. Mwenye umri mdogo aliyekuwa na nguvu kabla ana tumaini kubwa kuliko mwenye kisukari au presha. Na kansa ikiwa imezigusa neva, daktari hana budi kuzitoa. Uhai kwanza.

Wanaochomwa kwa mionzi hali yao ni kinyume: mwanzoni mambo huwa sawa, kisha nguvu hupungua kidogo kidogo kwa miaka.

Kuna matibabu ya nne, nayo lazima niyaseme bila kuficha kwa sababu wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kansa ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume inayotengenezwa kwenye korodani. Daktari Charles Huggins alionyesha jambo hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo kansa ikishaenea, mgonjwa hutolewa korodani au huchomwa sindano za kuzuia homoni hiyo. Maumivu ya mifupa hupungua, na wengi huongezewa miaka. Lakini hamu ya tendo hushuka sana, na uume mara nyingi hausimami. Joto la ghafla humpanda mwilini, kama mama aliyekoma hedhi. Sindano zikisimamishwa, hamu huweza kurudi taratibu. Korodani zikitolewa, homoni hairudi. Mzee aambiwe hivyo kabla ya kutia kidole gumba kwenye karatasi, wala asifichwe eti kwa sababu hajasoma.

HISIA NI NEVA NYINGINE

Jambo hili wengi hawalijui, hata vijana waliofika sekondari. Neva ya kusikia mguso kwenye ngozi ya uume si ile ya kuusimamisha. Ina njia yake, mbali na tezi. Kwa sababu hiyo mtu ambaye uume wake hausimami bado anasikia mkono wa mkewe, na wengi bado hufika kileleni, ingawa bila manii. Wengine husema raha imekuwa tofauti au imepungua. Wengine wiki za kwanza husikia ganzi au maumivu kidogo. Mpe mwili muda. Wenye ndoa wasingoje uume usimame ndipo waguse na kukumbatiana.

Kuanza tena tendo lenyewe mara nyingi ni baada ya wiki 4 hadi 6, kwa ruhusa ya daktari. Mkojo ukichuruzika wakati wa tendo, nenda ukajisaidie kwanza na uweke kitambaa karibu. Kansa haiambukizi mke.

Mazoezi yapo, na hayana gharama. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika kuhusu mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga kwa akina mama waliojifungua. Wanaume pia huyatumia. Kaza misuli ile unayoikaza unapozuia upepo usitoke, hesabu hadi 5, legeza, hesabu tena hadi 5. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Usibane tumbo wala pumzi. Usianze mpira ukiwa bado ndani. Husaidia kwanza kuzuia mkojo, na kwa wengine nguvu pia. Kutembea kila siku na kuacha sigara husaidia mishipa ya damu.

Sasa dawa. Sildenafili ilianza kuruhusiwa mwaka 1998, na husaidia kama neva zimebaki. Haileti hamu, hufungua njia ya damu tu. Ni hatari kubwa kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama kidonge kinachowekwa chini ya ulimi: presha yaweza kuanguka hadi kifo. Kwa hiyo vile vidonge na unga wa "nguvu za simba" vinavyouzwa sokoni viacheni. Huko Marekani wakaguzi wamekuta mara nyingi bidhaa za namna hiyo, zinazoitwa za mitishamba, zimechanganywa dawa hiyo kwa siri, bila kipimo. Muuzaji hajui moyo wako. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, kimbilia kliniki hata usiku.

KWA AKINA MAMA

Mama mmoja aliniambia alidhani mume wake amepata mwanamke mwingine, kumbe mzee alikuwa anahamia kwenye mkeka kwa aibu. Miezi 8 walikaa hivyo ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Mzee, mweleze mama. Nawe mama, usimtanie mbele ya mashoga.

Anayeitwa kwa rufaa amwulize daktari maneno haya: Nina kansa au uvimbe tu? Mtatoa ndani au tezi yote? Korodani zitaguswa? Neva zitaachwa? Asiyeelewa lugha ya daktari aombe mkalimani mwanaume, mtu mzima, si mtoto wake. Anayeona haya kusema mbele ya muuguzi kijana amwambie mhamasishaji wa zoni yake tu kwamba ana "shida ya kizee". Tutaelewa, tutampeleka kwa daktari, na sisi tutasubiri nje.