Soma Senti Yako Kabla ya Kuisugua

Wadogo zangu, leo nazungumza na nyinyi mnaokusanya sarafu, hasa mlioko Marekani, ambako senti kubwa za shaba za zamani bado zinauzwa minadani na kwenye maduka ya vitu vya kale. Najua hamu inavyopanda mtu anapoona tarehe ya miaka mia mbili iliyopita. Hamu hiyo nzuri, lakini isitangulie macho.

Senti hizo zilitengenezwa Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857. Siku za mwanzo mafundi walichonga mihuri ya chuma kwa mkono, wakigongelea herufi na tarakimu moja moja. Mkono ukiteleza, kosa linabaki kwenye muhuri, na kila senti inayopigwa kwa muhuri huo inalibeba. Ndiyo maana kuna senti za 1796 ambazo neno LIBERTY linasomeka kama LIHERTY. Ya 1801 ndiyo maarufu zaidi, maana upande mmoja una makosa matatu: sehemu ya mia imeandikwa 1/000, neno UNITED linaonekana kama IINITED, na shada la majani lina kikonyo kimoja badala ya viwili.

Sasa shika kanuni hii, mdogo wangu, itakuokoa mara nyingi. Muhuri ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa huo, kwa hiyo kwenye sarafu utaona mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu au msumari huchimba, kwa hiyo utaona mstari uliozama. Ulioinuka umetoka kiwandani; uliozama, mara nyingi, umepatikana baadaye. Usimlipe mtu bei ya kosa la kiwandani kwa jeraha la mfukoni.

Uchakavu nao una njia yake. Huanzia sehemu zilizoinuka: nywele juu ya paji la uso, bega, na migongo ya majani ya shada. Hapo shaba hulainika na rangi yake hutofautiana na ya sehemu zilizo chini. Lakini si kila penye ubapa pamelika. Pengine sarafu ilipigwa kwa nguvu ndogo na shaba haikujaza muhuri. Ukiona nywele bapa ilhali tarehe na herufi ni kali, geuza upande wa pili, utazame mahali panapolingana na hapo. Pakiwa hafifu pia, na bado pana ukwaru wa kipande cha shaba cha awali, shuku upigaji kabla ya kuulaumu uchakavu. Hali ya sarafu hupimwa kwa kipimo cha 1 hadi 70, alichokiweka William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti hizi hizi, na tofauti ya alama chache huweza kubadilisha bei kabisa.

Nunua lenzi ya kukuza mara kumi na mizani ndogo. Senti za mwanzo zilipaswa kuwa na gramu 13.48, mwishoni mwa 1795 uzito ukapunguzwa hadi gramu 10.89. Kulika hupunguza uzito kidogo, lakini pengo kubwa ni sababu ya kuuliza maswali. Na ukiletewa ya 1799, chunguza 9 ya mwisho kwa makini sana. Mwaka huo ni adimu, na wapo waliochonga upya tarakimu ya mwisho ya senti za 1798 ili kuwadanganya wanunuzi.

Jambo la mwisho nalisema kwa mkazo: usisafishe. Ndimu na majivu viachie vyombo vya jikoni. Rangi ya kahawia iliyotulia huchukua miongo mingi kujijenga, na ukiisugua mara moja shaba hubaki na wekundu mkali usio wa asili, wala huwezi kuirudisha. Ishike senti ukingoni, iweke pakavu, ilinganishe na picha za mihuri inayojulikana.

Na muuzaji akikukataza kutumia lenzi, mrudishie senti yake kwa adabu, uondoke na pesa zako.