Jinsi ya Kukipima Kitabu cha Kwanza cha Hifadhidata

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Wahenga nawaheshimu sana, lakini leo naomba ruhusa niwapinge kidogo. Mwaka jana nilichukua jembe la kwanza lililonijia mkononi, nikaingia nalo shambani mbio mbio, na aliyeumia si mimi bali ni mwenzangu. Jembe lenyewe lilikuwa kitabu.

Nitaanza na kisa, kisha nieleze hifadhidata ni nini, halafu nitoe vipimo sita vya kukusaidia kuchagua kitabu cha kuanzia. Mwishoni kuna zoezi dogo. Usilirukie kabla ya kusoma!

KISA CHA OTIENO WAWILI

Mwaka jana nikiwa Kidato cha Pili, mwalimu mlezi wa chama chetu aliniita akaniambia, "Wewe si unasoma somo la tarakilishi? Basi tutengenezee orodha ya vitabu vya chama. Tumechoka na hili daftari." Chama chetu kina kabati la kamusi, riwaya, tamthilia na diwani. Mtu akiazima kitabu, katibu huandika daftarini. Daftari lenyewe lilikuwa limechanika, na kurasa nyingine zilikuwa zimemwagikiwa chai.

Nilikubali bila kusita. Binamu yangu alikuwa na kitabu chembamba chenye jalada jekundu kinachofundisha Microsoft Access, programu ya kutengenezea hifadhidata. Nyuma ya jalada kiliahidi kwamba msomaji atakuwa fundi kwa wikendi moja. Wikendi moja! Nani asiyetaka? Nikakifuata hatua kwa hatua: bonyeza hapa, bonyeza pale, andika hivi. Baada ya vipindi vitatu nilikuwa na jedwali moja refu lenye safu tano: tarehe, jina la mwanafunzi, kidato, jina la kitabu, na kama kimerudi au bado. Mwalimu alifurahi, nami nikatembea siku hiyo kama aliyeshinda kura.

Muhula wa tatu ulipokaribia kwisha tulichapisha orodha ya wasiorudisha vitabu. Ndani yake alikuwamo Otieno wa Kidato cha Kwanza, anadaiwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Otieno akaitwa. Akasema aliirudisha zamani. Nani angemwamini? Kompyuta imesema bado! Akaambiwa alipe. Kesho yake mama yake akaja, naye ni muuza omena sokoni. Akafungua fundo la leso, akahesabu noti na sarafu juu ya meza ya mwalimu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni.

Tulipofungua shule Januari, mvulana mwingine alikuja na kamusi mkononi. Alisahau, akaenda nayo likizo. Jina lake nani? Otieno. Naye alikuwa Kidato cha Kwanza mwaka huo, ila mkondo mwingine. Lo! Miguu iliniisha nguvu. Nilipofungua jedwali langu nikaona mistari miwili yenye jina lile lile, kidato kile kile na kitabu kile kile. Mmoja ulikuwa na alama ya kurudi, mwingine hauna. Hapakuwa na njia yoyote ya kujua upi ni wa nani.

Mwalimu alimrudishia yule mama pesa zake zote, nami nikaenda sokoni kumwomba radhi. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, kosa ni langu." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, sijakasirika. Lakini hiyo kompyuta yenu haimjui mtoto wangu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kwa nini haikumjua? Kwa sababu mimi sikuiambia. Na mbona sikuiambia? Kwa sababu kitabu changu hakikunifundisha kwamba kuna kitu kama hicho cha kuambia.

HIFADHIDATA NI NINI?

Hifadhidata ni mkusanyiko wa habari zilizopangwa ili ziweze kutafutwa, kurekebishwa na kujumlishwa kwa urahisi. Siku hizi nyingi hupangwa kwa majedwali. Fikra hiyo ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM kule California. Codd alionyesha kwamba habari zikae katika majedwali, na majedwali hayo yahusiane kwa thamani zilizomo ndani yake, kwa mfano nambari ya mtu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Kwa kabati letu la vitabu tunahitaji majedwali matatu. La kwanza ni la Wanafunzi: kila mwanafunzi mstari mmoja. La pili ni la Vitabu: kila nakala mstari mmoja. La tatu ni la Maazimo: nani amechukua nakala gani, tarehe gani, amerudisha lini. Katika jedwali la tatu hatuandiki jina la Otieno tena. Tunaandika nambari yake ya usajili tu, ile aliyopewa siku aliyojiunga na shule. Otieno wanaweza kuwa kumi, lakini nambari hazifanani. Safu kama hiyo, isiyorudiwa na isiyoachwa wazi, huitwa ufunguo msingi. Ukijaribu kuandika ufunguo uleule mara mbili, programu inakataa.

VITABU VITATU NILIVYOVIPIMA

Baada ya aibu ile nilivitafuta vitabu vingine. Cha kwanza ni kile chekundu cha binamu. Cha pili ni cha buluu, cha kiada, kinachopatikana maktabani. Cha tatu ni cha kijani, kinene kama tofali, nilichokinunua kwa wale wauzaji wa vitabu vikuukuu wanaovitandaza chini kando ya barabara, pale tunapopaita "inama". Hicho kilifundisha Access ya mwaka 2003. Marafiki walinicheka. Ati nimenunua kitabu kinachokaribia umri wa mwalimu! Tutaona.

VIPIMO SITA

1. Je, kinafundisha kufikiri kabla ya kubonyeza?

Hiki ndicho kipimo kikuu. Fungua sura mbili za kwanza. Ukiona picha za skrini tupu na amri za kubonyeza, tahadhari. Kitabu kizuri kitakuuliza kwanza: unataka kujua nini? Habari hizo zinahusu vitu gani? Kila kitu kitatambuliwa kwa nini? Chekundu kilianza kubonyeza ukurasa wa tatu. Cha kijani kilitumia sura nzima juu ya kalamu na karatasi kabla hata mashine haijawashwa.

2. Je, kinaeleza funguo na uhusiano wa majedwali?

Tafuta maneno hayo katika faharasa iliyo mwisho wa kitabu. Yasipokuwepo, rudisha kitabu mahali pake. Lakini hata yakiwepo, soma maelezo. Ukitengeneza jedwali katika Access, programu hukupa yenyewe safu ya nambari zinazojiongeza: 1, 2, 3 na kuendelea. Chekundu kilisema niikubali nisonge mbele. Ni kweli safu hiyo haijirudii, lakini haizuii mtu kuandikwa mara mbili. Otieno mmoja akiandikwa leo na kesho, atapata nambari mbili kana kwamba ni watu wawili! Kitabu cha buluu kilitoa maana nzuri ya ufunguo msingi, ya kukariri kwa mtihani, ila hakikuonyesha hatari hiyo.

3. Je, kinaeleza aina za data?

Kila safu hupewa aina yake: maandishi, nambari, tarehe, ndiyo au la. Mwanagenzi hudhani nambari ya simu ni nambari. Kumbe sivyo! Ukiiweka simu ya mzazi inayoanza na 07 katika safu ya nambari, ile sufuri ya mwanzo inapotea. Ukiianza na 254, Access inaikataa kabisa, kwa maana safu ya kawaida ya nambari nzima haipokei zaidi ya 2,147,483,647. Kanuni ni rahisi: kile usichokijumlisha wala kukizidisha, kiweke kama maandishi. Chekundu hakikugusia jambo hili. Cha buluu kilikuwa na orodha ya aina bila sababu. Cha kijani kilitoa sababu.

4. Je, ni cha toleo gani?

Hapa cha kijani kilianguka. Access ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1992, na imebadilika mara nyingi. Mabadiliko makubwa yalikuja na toleo la 2007: menyu za zamani ziliondolewa, ukawekwa utepe wa vitufe juu ya skrini, na faili zikaacha kuishia kwa .mdb zikaishia kwa .accdb. Kwa hivyo cha kijani kiliponiambia nifungue menyu ya Tools ili nipate uhusiano wa majedwali, nilitafuta mpaka kipindi kikaisha. Siku hizi kitufe hicho kiko chini ya kichwa cha Database Tools.

Lakini sikia jambo hili, msomaji. Sura za vitufe ndizo zilizozeeka. Sura za fikra hazikuzeeka hata kidogo, kwa kuwa msingi wake ni ule ule wa 1970. Kitufe kilichohama nitakionyeshwa na mwalimu kwa dakika moja. Fikra niliyoikosa ilinichukua muhula mzima, tena ikamtoa mama wa watu sokoni.

5. Je, kinafaa kwa mtu asiye na kompyuta nyumbani?

Shule yetu ni ya kutwa. Kipindi ni dakika 40, na mashine moja tunakaa watatu, na stima ikipotea basi tena. Nyumbani sina kompyuta. Kitabu ambacho hakisomeki bila mashine kinanifaa dakika chache tu kwa wiki. Chekundu nikiwa nyumbani kilikuwa sawa na picha za chakula kwa mtu mwenye njaa. Cha kijani nilikisoma usiku na penseli, nikichora majedwali katika daftari la hesabu. Nilipofika maabara nilijua ninachotaka, kilichobaki ni kukiandika tu.

6. Je, mifano na mazoezi yake yanahamishika?

Vitabu vingi vya Access hutumia mfano wa Northwind, kampuni ya kubuni ya kuuza vyakula iliyotengenezwa na Microsoft wenyewe. Si kosa. Swali ni kama unaweza kuuhamisha mfano huo hadi kwako. Mimi nilifanya hivi: wateja wakawa wanafunzi, bidhaa zikawa vitabu, oda zikawa maazimo. Uhusiano ulibaki ule ule. Kisha tazama kama mazoezi yana majibu. Cha buluu kina mazoezi mengi mazuri bila jibu hata moja. Kwa anayesoma peke yake, zoezi lisilo na jibu ni barua isiyo na anwani.

HUKUMU YANGU

Kitabu chekundu ni cha kuazima wiki moja ili kuzoea skrini, basi. Cha buluu ni cha mtihani, na asiwepo mwanafunzi wa tarakilishi atakayekidharau, hasa akikumbuka mradi wa Kidato cha Nne. Lakini kitabu cha kuanzia, kwa maoni yangu, ni kile cha kijani kilichochekwa. Ningekuwa na uwezo ningekisoma pamoja na kurasa chache za kitabu kipya kinachoonyesha vitufe vya leo. Na asiye na Access asikate tamaa: iko LibreOffice Base, inayopatikana bila malipo, na fikra ni zile zile.

Mtu akinipinga nitamsikiliza. Mwenzangu mmoja wa chama anasema kwamba chekundu kilinipa moyo wa kuanza, na bila moyo huo nisingefika kwa cha kijani. Ana haki. Nami namjibu kwamba moyo wangu ulilipiwa na mtu mwingine.

ZOEZI

(a) Jedwali lina safu tatu: jina la mwanafunzi, kidato chake, na simu ya mzazi. Ni safu ipi kati ya hizo inayofaa kuwa ufunguo msingi?

(b) Chama kina nakala nne za riwaya moja. Je, katika jedwali la Vitabu tuandike mstari mmoja au minne?

(c) Katibu anataka kuandika azimo la mwanafunzi ambaye nambari yake haimo katika jedwali la Wanafunzi. Hifadhidata nzuri ifanye nini?

Majibu: (a) Hakuna. Majina hurudiwa, kidato kina wengi, na ndugu wawili huwa na simu moja ya mzazi. (b) Minne, kila nakala na nambari yake iliyobandikwa ndani ya jalada. La sivyo hutajua ni ipi iliyopotea. (c) Ikatae. Access hukataa ikiwa umeiagiza ilinde uhusiano wa majedwali hayo mawili.

Mpenzi msomaji, orodha mpya ya chama sasa ina majedwali matatu. Aliyenisomea nambari za usajili nikiziandika, moja baada ya nyingine, ni yule Otieno wa kwanza, mtoto wa mama muuza omena. Tulipofika kwenye yake aliisoma mara mbili, polepole, akainama kuitazama kwenye skrini kama nimeiandika sawasawa. Nilikuwa nimeiandika sawasawa.